Raha ya uanagenzi iko kwenye simu usiyotaka kupiga

Mmeuliza wiki hii: je, uanagenzi katika uhusiano wa umma una raha ya kufidia karaha zake? Kwangu unayo, ila haipo kule wengi wanakoitafuta. Wanaodhani ni kazi ya kuvaa vizuri na kusalimiana na wakubwa watavunjika moyo mapema.

Asubuhi ni ya magazeti. Kabla wenye ofisi hawajaingia, mwanagenzi anapitia kurasa, tovuti na mitandao ya kijamii akisaka jina la mteja. Akilipata anahifadhi habari, anaandika tarehe, ukurasa na jina la mwandishi, kisha anasema kama mteja amesifiwa, amepondwa au ametajwa tu. Hilo halina ubaya. Ukilifanya kwa muda unaanza kujua mwandishi gani hupenda nini. Kilichoniudhi ni rula. Tulipima urefu na upana wa kila habari, tukakadiria tangazo la ukubwa ule lingegharimu kiasi gani, na jumla yake ikapelekwa kwa mteja kama thamani ya kazi yetu. Wanataaluma wenyewe walikubaliana Barcelona mwaka 2010 kwamba hesabu hiyo haionyeshi thamani ya uhusiano wa umma. Na hata bila Barcelona, habari ya kukuumbua inaweza kujaza nafasi ileile kama ya kukupamba! Nilipomuuliza msimamizi wangu alicheka: “Mteja anapenda tarakimu, mdogo wangu. Jaza tu.”

Halafu kuna simu. Taarifa kwa vyombo vya habari ikishatumwa, mwanagenzi ndiye anayepiga kuuliza kama imefika, na mara nyingi anampata mhariri akiwa anahangaika kufunga ukurasa. Mmoja hakunisalimia hata. Alisema, “Nimeisoma. Habari iko wapi?” Nikaiangalia upya. Aya ya kwanza ilisema kampuni “inayoongoza” ina “furaha kubwa” kutangaza “hatua ya kihistoria”. Jambo lenyewe, yaani huduma gani inaanza, lini na kwa nani, lilikuwa limejificha aya ya nne. Si ajabu: rasimu ilikuwa imepita kwa watu wa masoko, kwa mwanasheria, kwa mkurugenzi, na kila mmoja aliongeza sifa yake bila kupunguza ya mwenzake. Msimamizi wangu aliichukua kalamu, akaipandisha aya ya nne juu na kufuta “kihistoria” mbele yangu. Nilijifunza mengi katika dakika zile kuliko katika mihadhara mingi.

Swali la yule mhariri si jipya. Mwaka 1906 Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa fani hii Marekani, aliwapelekea wahariri tamko kwamba kazi yake itafanywa waziwazi, na kwamba wakiona maandishi yake yanafaa kupelekwa idara ya matangazo, basi wasiyatumie. Ningependa tamko hilo libandikwe ukutani katika kila ofisi inayochukua wanagenzi, ingawa najua baadhi ya wateja wangeomba libanduliwe.

Siku ya mkutano na waandishi wa habari, nayo, ni kubeba mabango, kupanga viti na kukagua vipaza sauti. Miguu inauma, basi.

Karaha nisiyoweza kuitetea ni malipo. Ofisi nyingi huona uzoefu unatosha kuwa mshahara, kwa hiyo nafasi huishia kwa wenye wazazi wa kuwalisha, na wengine wenye vipaji hawaombi kabisa. Anayetaka kuingia aulize mapema: nitaandika, au nitatumwa tu? Nani atasahihisha kazi yangu? Na nauli je? Kwangu majibu mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. La nauli walisema watalijadili, na hadi naondoka walikuwa bado wanajadili.