Unga wa Metarhizium uliobaki: ukaushe kwanza, ndipo uuweke kwenye friji

Ndugu, umeuliza kama nusu kilo iliyobaki ya unga wa Metarhizium, ukungu unaoua wadudu waharibifu, itafaa msimu ujao ikikaa stoo chini ya bati. Haitafaa. Spora, yaani vijimbegu vya ukungu vilivyomo kwenye unga, ni hai, na joto la mchana likichanganyika na unyevu huzimaliza upesi.

Unyevu ndio wa kupambana nao kwanza. Spora zenye maji chini ya asilimia 5 hulala. Zenye unyevu zaidi huendelea kupumua, humaliza akiba yao na kufa, hata kwenye friji. Tia unga kwenye mfuko wa karatasi, uweke ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya uzito sawa na unga. Jeli ikibadilika rangi, weka nyingine. Ukishakauka, ufunge kwenye pakiti ndogondogo za foili, kila moja ya kutosha pampu moja ya kupulizia, andika tarehe, kisha weka kwenye friji, nyuzi 4.

Wengi huharibu siku ya kutoa. Pakiti baridi ikifunguliwa papo hapo, umande hutua juu ya unga. Iache ipoteze ubaridi kwanza, ikiwa imefungwa.

Usimwage unga mkavu kwenye maji baridi. Utando wa spora hupasuka. Koroga kwanza na mafuta kidogo ya kupikia. Na pampu iliyobeba dawa ya kuua ukungu? Itaua spora zako; tafuta nyingine.

Kabla ya kupulizia, mwombe mtu wa maabara aoteshe kidogo kwenye aga (jeli ya kuoteshea ukungu), nyuzi 25, saa 24, ahesabu spora 300. Zikiota chini ya nusu, nunua mpya.