Kondo la nyuma likikaa chini: kwa mkunga mpya wa Lamu

Karatasi ya ultrasaundi ya wiki 12 ikisema kondo la nyuma liko chini, usimwandikie mama maradhi. Mji wa mimba bado ni mdogo, na kondo halina budi kuwa karibu na mlango wa kizazi. Miezi ya mwisho sehemu ya chini ya mji hutanuka, na ukingo wa kondo hubebwa juu pamoja nayo. Kondo lenyewe halitembei. Katika mimba 10 zinazoonekana hivyo kwenye wiki ya 20, katika takriban 9 kondo huwa limeshapanda kabla ya kujifungua. Mwambie mama hivyo wazi, maana wengi huja wameshaambiwa nyumbani wasiinuke kitandani.

Kuanzia wiki ya 20, tafuta namba kwenye ripoti: umbali kutoka ukingo wa kondo hadi tundu la ndani la mlango wa kizazi. Chini ya sentimita 2, limekaa chini. Likifunika tundu, limetangulia. Ripoti isiyo na namba haikusaidii, omba kipimo. Uliza pia kama kibofu kilikuwa kimejaa sana, kwa sababu hubana kuta za chini na kondo likaonekana liko chini kuliko lilivyo. Akojoe, apimwe tena. Kipimo cha kupitia ukeni ndicho sahihi zaidi na hakileti damu; mweleze mama kwa upole, mpate ridhaa yake, na akitaka mpimaji mwanamke, mtafutie.

Hapa usifanye haraka: soma kadi kama aliwahi kuzaa kwa upasuaji. Kovu la zamani na kondo lililo chini upande wa mbele, kondo linaweza kujishika ndani ya kovu, na kulitoa huleta damu nyingi mno. Huyo hangoji picha ya marudio ya wiki ya 32, mpeleke kwa daktari bingwa mapema.

Damu ikitoka baada ya wiki ya 20, usiingize kidole ukeni kabla hujajua kondo liko wapi. Kidole kinaweza kulibandua. Damu ya kondo lililotangulia kwa kawaida ni nyekundu na haina maumivu, ndiyo sababu hudharauliwa. Ya kwanza mara nyingi ni kidogo na hukata yenyewe. Ya pili yaweza kuwa mbaya. Mlaze ubavu, weka njia mbili kubwa za mshipa, chukua damu ya kupima kundi, piga simu ya rufaa. Kundi likiwa hasi (Rh hasi), anahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Asiyetoka damu aendelee na kazi zake. Kulala kitandani hakujathibitika kusaidia, na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Ameze chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, mbali na chai. Himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita itibiwe sasa, si siku ya kuzaa.

Rudia picha wiki ya 32, na likiwa bado chini, wiki ya 36. Sentimita 2 au zaidi, anaweza kuzaa kawaida. Lililofunika ni upasuaji, mara nyingi wiki ya 36 hadi 37. Kwa mama wa Pate, Siyu au Kizingitini, maji yakipwa boti haifiki popote, na msimu wa kusi bahari huchafuka. Tangu wiki ya 32 kubalianeni na jamaa zake atakaa kwa nani mjini Amu (Lamu mjini), nani atalipa nauli, na nani wawili watatoa damu. Andika majina na simu zao kwenye kadi.