Kwa Mwanangu Anayeuliza Kama Arudi Woking

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na kazi ya Waterloo, huko London, nimeifurahia mno, Alhamdulillahi. Umeuliza urudi kuishi huku kwetu Woking, mji huu ulio nje ya London, au upange London kwenyewe, halafu ukaongeza kwamba wenzako huko Leeds wanasema Woking haina wenyewe: watu wanakuja kulala, asubuhi wanapanda treni, basi. Hilo la mwisho limenikaa rohoni, kwa hiyo ndilo ninalolijibu kwanza.

Kuhusu treni wamesema kweli. Saa moja asubuhi pale steshenini kila mtu ana mahali pake pa kusimama, maana anajua mlango wa behewa utafungukia wapi. Hapana salamu, macho yote kwenye simu. Treni ya haraka inafika Waterloo haijatimia nusu saa. Na mji wenyewe umetokana na reli. Reli ilipofika mwaka 1838, stesheni ilijengwa porini, penye vichaka na mchanga. Kijiji cha asili kilikuwa mbali kidogo, kando ya Mto Wey, na mpaka leo kipo, ndiyo Old Woking ulikokuwa ukipanda basi kwenda kwa rafiki zako.

Lakini mwanangu, walioleta mji hapa stesheni ilipo hawakuwa wakiwawazia watu wa ofisini. Walitafuta pa kuzikia. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wengi London, na viwanja vya makanisa vikafurika makaburi. Mwaka 1852 Bunge likaipa ruhusa kampuni moja ya mazishi, nayo ikanunua zaidi ya ekari 2,000 za pori la Woking. Makaburi ya Brookwood yakafunguliwa mwaka 1854. Maiti waliletwa kwa treni yao maalumu kutoka ubavuni mwa stesheni ya Waterloo, huko huko utakakofanya kazi. Wafiwa walikatiwa tikiti ya kwenda na kurudi, jeneza likakatiwa ya kwenda tu, tena kwa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Treni hizo zilikoma mwaka 1941, stesheni yao ilipopigwa bomu katika vita.

Ardhi ile ilikuwa kubwa kuliko haja ya makaburi. Kampuni ikauza iliyobaki kidogo kidogo, na juu ya viwanja hivyo ndipo yalipoota maduka na mitaa tunayoiita Woking. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema mji huu ni ua wa nyuma wa London, namwambia ndiyo, London ilileta hapa kile ilichokosa pa kukiweka, na mji huu ukakipokea. Hiyo ndiyo tabia yake, na ndiyo inayonifanya niupende.

Utazame msikiti wetu wa Oriental Road. Mwaka 1889 Gottlieb Leitner, msomi wa lugha aliyezaliwa Hungary katika familia ya Kiyahudi na kufanya kazi Lahore, aliujenga kwa ajili ya wanafunzi wa chuo chake, kwa fedha alizochanga na mchango mkubwa wa Begum Shah Jahan, mtawala wa Bhopal huko India. Ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Leitner alipofariki mwaka 1899 ulifungwa, mpaka Khwaja Kamal-ud-Din, mhubiri wa Kiislamu kutoka India, alipoufungua tena mwaka 1913. Wewe umeuzoea, umekulia hapo na mabuku ya madrasa kwapani. Safari hii ingia kama mgeni. Kile chumba chenye kuba la kijani ni kidogo, wakijipanga watu safu chache tu kimejaa, wengine wote wanasali majengo ya pembeni. Ukiwa kwenye treni unaliona kuba likipita katikati ya miti, na abiria wengi hawainui hata uso.

Ile tafsiri ya Kurani ya Abdullah Yusuf Ali iliyo juu ya kabati letu, mwenyewe amezikwa Brookwood. Marmaduke Pickthall, mfasiri mwingine, naye yuko huko huko. Sultani Said bin Taimur wa Oman, baba yake Sultani Qaboos, alipofia London mwaka 1972 alizikwa hapo kabla ya kuhamishiwa kwao. Na pale Horsell Common, pembeni ya njia unayopenda kukimbia, ule ukuta wa matofali wenye lango la kuba ulijengwa wakati wa Vita vya Kwanza kwa ajili ya askari Waislamu kutoka India waliofia hospitali za huku. Miili yao ilihamishiwa Brookwood mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu mwaka 2015 mahali hapo ni bustani ya amani. Watu wengi wanaijua Horsell kwa viumbe wa Mirihi tu, kwa kuwa mwandishi H. G. Wells aliishi mtaa wa Maybury hapa Woking na akawashusha hapo katika riwaya yake ya The War of the Worlds. Sanamu lao la chuma liko mjini. Sina ugomvi nalo, ila ningependa watoto wa skuli wapelekwe kwanza kwenye ule ukuta.

Sitakuficha na upande mchungu. Halmashauri yetu ilikopa fedha nyingi mno kujenga yale maghorofa ya Victoria Square, na Juni 2023 ikatangaza kwamba haiwezi kulipa: pengo la pauni bilioni 1.2, na bajeti yake ya mwaka ilikuwa kama milioni 16. Manispaa ya watu kama laki moja! Mwaka uliofuata kodi ya halmashauri ikapanda karibu asilimia 10, na huduma za wazee zikapunguzwa. Inaniuma, maana wanaolipa hawakuulizwa. Hilo liingize kwenye hesabu zako pamoja na tikiti ya treni, ambayo kwa mwaka ni maelfu ya pauni.

Basi jibu langu: rudi, lakini usipange kwenye yale maghorofa yaliyo karibu na stesheni. Hapo ndipo utakapoishi bila kumjua jirani, na maneno ya wenzako yatakuwa kweli. Tafuta Maybury au Sheerwater. Walton Road utapata nyama ya halali na mboga, na wazee wa Kipakistani waliokuja kufanya kazi za viwandani miaka ya 1960 watakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Stesheni unakwenda kwa miguu. Na kama kazini watakuruhusu kufanya kazi nyumbani Ijumaa, usiiachie siku hiyo.

Nitajie kodi unayoweza na siku unayoanza kazi. Nimekwisha kumwambia jirani yetu wa duka la nguo aulizie chumba, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako akupendaye,
Mama