Utafiti wa mitishamba Pemba: muulize anayemuuguza mgonjwa

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa tatu, unasoma masoko, na mada uliyompelekea msimamizi wako ni ufanisi na soko la dawa za mitishamba Pemba. Unauliza umhoji nani na kama likizo moja itatosha. Mimi nilisoma ustawi wa jamii, na utafiti wangu niliufanya huko huko, Wete na Micheweni, kwenye nyumba zenye wagonjwa wa sukari na presha. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Ufanisi uondoe leo kwenye mada. Kusema dawa inatibu kunataka maabara, vipimo na miaka, na kazi hiyo ina wenyewe. Muhimbili wana kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, siku hizi ni taasisi kamili, na bado wanaendelea kuchunguza. Wewe ukigawa dodoso la kuuliza "ulipona?" majibu utayapata, lakini hayatasema lolote kuhusu dawa. Aliyepona pengine alikuwa akimeza na vidonge vya hospitali. Aliyefariki hakujaza dodoso.

Linabaki soko, nalo linakutosha sana. Hapo nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu wanafunzi wengi wa masoko huenda moja kwa moja kwa muuzaji na kwa mgonjwa, wakawaita "mteja na mtoa huduma", wakamaliza. Mnunuzi wa dawa hizi mara nyingi siye mgonjwa. Ni binti, mkamwana, dada, shangazi, yule anayeuguza.

Kuna nyumba moja upande wa Konde siisahau. Bibi mgonjwa wa sukari alikuwa amekaa kibarazani, na nilipomuuliza dawa yake ni ya mti gani alinijibu, "Mimi naletewa, nakunywa." Mkamwana wake ndiye aliyetoka ndani na chupa ya maji ya dukani, imejaa maji mekundu ya magome yaliyochemshwa. Kipimo chake kikombe cha kahawa, asubuhi na baada ya magharibi. Habari za dawa hiyo aliletewa na dada yake, naye alizisikia harusini kwa mtu ambaye mama yake alitumia. Bei aliijua mkamwana. Muuzaji alimjua mkamwana. Ladha ilipomchosha bibi, mkamwana ndiye aliyeamua kuongeza maji. Sasa niambie, dodoso la mgonjwa lingekupa nini katika hayo?

Nilipomuuliza mkamwana kama daktari anajua, alisema hapana, wataambiwa wanamuua mgonjwa. Swali hilo usiliache, hata kama msimamizi wako atasema si la masoko. Kuna mimea ya kienyeji inayochunguzwa kwa sababu inaonekana kushusha sukari, na mtu akichanganya na vidonge bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Muuzaji anamwambia nini mnunuzi kuhusu vidonge? Anasema aache, aendelee, au ananyamaza? Hilo ni swali la masoko khasa, na jibu lake linaweza kumwokoa mtu.

Kuhusu kuhoji: sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo dogo liitwalo shehia, lazima umpitie, pamoja na wilaya, na kabla ya hapo uwe na barua ya chuo na kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukigusa afya za watu, kamati ya maadili nayo inakuhusu. Anza mapema, maana likizo inaweza kuishia kwenye foleni za barua. Lakini sheha akishakutambulisha, mwombe kwa heshima akuache. Yeye ni serikali, na mbele ya serikali kila mtu atakwambia anakwenda hospitali tu. Wanaouguza wengi ni wanawake. Kama wewe ni mwanamme, tafuta msaidizi wa kike anayeheshimika mtaani. Nenda alasiri, wakishamaliza kazi za jikoni. Na msimu wa karafuu usikanyage kwa mahojiano marefu, nyumba nzima iko shamba au iko kwenye majamvi inaanika. Ila wauzaji wahoji msimu huo huo. Waliniambia madeni ya dawa hulipwa karafuu zikishauzwa, na ukiwakuta nje ya msimu daftari lao lina hadithi nyingine kabisa.

Mimea nayo iandike sawasawa, ingawa wewe si mtu wa botania. Jina la mtaani peke yake halitoshi, vijiji viwili vinaweza kuita miti miwili jina moja. Omba tawi lenye majani na ua au tunda, libane ndani ya magazeti, andika mahali, tarehe, urefu wa mti na rangi ya ua kabla haijapotea, kisha mpelekee mtaalamu wa mimea. Andika pia sehemu iliyotumika na ilivyotengenezwa, kama ilichemshwa au ililowekwa. Tu Youyou wa Uchina, aliyepata Nobeli mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alisaidiwa na maandishi ya kale yaliyosema mmea uloweshwe majini na kukamuliwa. Akaacha njia ya moto mkali, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo tu, na dawa ikapatikana.

Mganga au muuzaji akikataa kukutajia mchanganyiko wake, mwache. Huo ni urithi wake na ndio mlo wake, na kwa mada ya soko huuhitaji. Hata akikutajia, muulize kama anaridhia uandikwe, kwa sababu tasnifu ikishaingia maktaba ya chuo kila mtu ataisoma. Mimi nilimwahidi mzee mmoja nitaandika miti bila vipimo, na sikuvunja.

Likizo moja itatosha ukichukua shehia mbili, siyo Pemba nzima. Fomu ya ridhaa niliyotumia ninayo kwa Kiswahili, fupi, inasomeka kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Ukiitaka sema, nitaiweka hapa hapa chini.