Mvinyo mwekundu, kichwa na matone ya salfaiti

SWALI: Nikinywa glasi mbili za mvinyo mwekundu kichwa kinaniuma hadi kesho yake. Bia huniziba pua tu. Nimeuziwa matone ya kuondoa salfaiti, kile kihifadhi cha mvinyo, kwenye glasi. Niyatumie? Au ni tanini, zile za kuleta ukakasi mdomoni?

JIBU: Mvinyo mweupe nao unakuumiza kichwa hivyo? Kama haukuumizi, iacheni salfaiti ya watu. Mweupe ndio hutiwa nyingi zaidi, maana hauna tanini za maganda ya zabibu za kuukinga na hewa. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 200 kwa lita kwenye mweupe mkavu na 150 kwenye mwekundu. Bia nyingi mwisho 20. Zile zabibu kavu za rangi ya dhahabu huruhusiwa hadi 2,000 kwa kilo. Kama unazitafuna kwenye pilau na huna neno, mshtakiwa si huyo.

Salfaiti hushika kifua. Ikikutana na asidi hutoa gesi, na mwenye pumu huivuta anapomeza: ndani ya dakika chache anakohoa, kifua kinabana na kupiga mluzi. Mwenye pumu asijijaribu nyumbani; kipimo hicho hufanyika hospitalini, kwa dozi ndogo ndogo, huku anapuliza kwenye mashine.

Tanini zipime kwa chai ya rangi iliyokolea, ile inayokausha ulimi. Ukiinywa salama, tafuta kwingine: kilevi chenyewe, ambacho hutanua mishipa, au histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, ambayo mwekundu huwa nayo nyingi kuliko mweupe. Pua kuziba kwa bia hutokana na hayo hayo mara nyingi.

Sasa hayo matone. Mengi ni haidrojeni peroksaidi, inayogeuza salfaiti kuwa salfeti. Kikemia yanafanya kazi, ila yanaondoa kitu ambacho hakikuwa kinakuumiza. Kuna wanaomiminia glasi peroksaidi ya kusafishia vidonda. Hiyo si ya kunywa. Wengine humeza piritoni, dawa ya aleji, kabla ya bia, wakalala usingizi mzito mno, au parasetamoli juu ya pombe nyingi, ini likaumia. Na kile kipimo cha damu cha “vyakula 200” cha kingamwili za IgG (askari wa mwili walio kwenye damu) huonyesha ulichozoea kula, hakithibitishi aleji.

Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele vya kuwasha au pumzi ikikatika, hiyo si hangova. Nenda hospitali usiku huo huo, na chupa uibebe.