Iliad: soma kitabu cha 24 kwanza

Umeuliza kama Iliad, utenzi wa kale wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na Troy, una la kutufunza leo zaidi ya watu kuchomana mikuki. Ndugu yangu, nenda moja kwa moja kitabu cha 24, yaani sehemu yake ya mwisho.

Hector, shujaa wa Troy, ameshauawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki, ambaye amekuwa akiiburura maiti yake kwa gari la farasi. Usiku, mzee Priam, mfalme wa Troy na baba yake Hector, anaingia kambi ya adui na shehena ya fidia, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyomuulia wanawe. Hatukani, halaumu. Anamwambia tu amkumbuke baba yake mwenyewe, naye ni mzee kule nyumbani. Wote wawili wanaangua kilio, kila mmoja akimlilia wake.

Ila kinachonishika mimi ni jambo dogo linalofuata: Achilles anaagiza maiti ioshwe kando, Priam asiione. Anajijua. Mzee akiiona akashindwa kujizuia, yeye naye hasira zitampanda na anaweza kumuua mgeni wake. Mtu yule yule ambaye utenzi mzima ulianza na ghadhabu yake! Kisha wanakula, na anampa siku 11 za matanga na maziko. Siku ya 12 vita vinarudi. Homer hadanganyi mtu.

Farasi wa mbao, ile hila iliyoiangusha Troy, usimtafute humo, yumo kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer. Na ile orodha ndefu ya meli katika kitabu cha 2 iruke tu, utairudia ukipenda.