Laini ibaki kwenye kitochi, maongezi yahamie kwenye wifi

Ukiwa na wifi nyumbani na nyingine kazini, halafu kila wiki bado unanunua bando la dakika, unalipia maongezi mara mbili. Kuhamishia simu zako kwenye wifi kunawezekana kabisa. Wanaoshindwa, wengi wao hukosea mahali pamoja: wanachomoa laini na kuitupa kwenye droo. Laini ina kazi mbili, kubeba maongezi na kuthibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye namba. Kazi ya kwanza wifi inaiweza vizuri tu. Ya pili haiiwezi.

Menyu ya M-Pesa ya Tanzania, *150*00#, ni USSD (huduma ya kubonyeza nyota na reli), inapita kwenye mnara wa simu, na programu za kupigia kwa intaneti haziwezi kuifungua. Kwa hiyo laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole iweke kwenye kitochi, na simujanja ikae bila laini. WhatsApp haina shida na hilo: unaandika namba iliyoko kwenye kitochi, msimbo wa tarakimu 6 unaingia kwenye kitochi, unaupachika kwenye simujanja. Papo hapo washa uthibitishaji wa hatua mbili uweke PIN yako. Laini usiiache ikalala miezi. Laini isiyotumika hufungwa, namba akapewa mtu mwingine, na huyo anaweza kuisajili WhatsApp kwa namba yako ya zamani. Zipo pia programu za benki zinazotaka laini iwe ndani ya simu ile ile. Jaribu ya benki yako kabla hujahama, siyo baada.

Sasa sauti yenyewe. Watu hukimbilia kununua spidi kubwa, na spidi mara nyingi siyo ugonjwa. Simu ya intaneti hukata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde kila upande. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani ya G.711, ukijumlisha sauti na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayobebwa na kila pakiti), ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine 87 kurudi. Hiyo ni takriban MB 1.3 kwa dakika, MB 78 kwa saa. Kodeki ya G.729 inashuka hadi karibu MB 28 kwa saa, na Opus, ambayo programu nyingi za kisasa huitumia, hupanda na kushuka kufuatana na hali ya mtandao. Hata ruta ya 4G yenye intaneti ya kusuasua ina nafasi ya kutosha.

Kinachoua simu ni foleni. Chukua ruta yenye megabiti 1 ya kupakia. Mtoto anatuma video, au simu nyingine ndani ya nyumba inahifadhi picha kwenye wingu. Kama ruta ina bafa (mahali pakiti zinaposubiri zamu) ya KB 256, bafa hiyo ikijaa, kila pakiti ya sauti yako inasubiri nyuma ya hiyo video kwa takriban sekunde 2. Kiwango kinachokubalika cha kuchelewa kwa upande mmoja ni milisekunde 150. Kikivuka 400, mnaanza kukatizana maneno, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza. Ndiyo maana kipimo cha spidi kinaonyesha namba nzuri na simu bado inakwama: umepima barabara usiku, unasafiri saa ya foleni.

Kulipima hilo, anza ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwa milisekunde) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, kutoka kwenye kompyuta, iache iende, kisha anza kupakia faili kubwa. Ping ikiruka kutoka 60 hadi 900, umempata mchawi. Dawa ni kuibana ruta yenyewe: kwenye ukurasa wa QoS (mipangilio ya kugawa intaneti kwa kipaumbele), weka kikomo cha kupakia asilimia 85 hadi 90 ya kile ulichopima. Ajabu yake ni kwamba kwa kupunguza spidi unapata simu safi, kwa sababu foleni haipati nafasi ya kujengeka. Ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) inaweza kuwekewa SQM, zana ya kuzuia foleni, na hiyo hufanya kazi nzuri kuliko QoS nyingi za kiwandani. Ruta isiyo na chochote? Zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja kwenye simu zote za nyumbani, uwashe usiku.

Kuta nazo. Masafa ya 5 GHz ni matulivu lakini zege linayameza, 2.4 GHz yanapenya tofali vizuri zaidi, ila majirani wote wako humo. Pakua programu ya kupima wifi, simama pale unapopendelea kupigia simu, usome dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kwa sauti tafuta -67 au bora zaidi (-60 ni bora kuliko -67, namba zinarudi nyuma). Chini ya -75 usijisumbue, sogeza ruta. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 tu. Ukikaa kwenye 3 utasumbuliwa na walio 1 na walio 6 kwa pamoja.

Umeme ukikatika, simu yako inakatika nao, na hapa ndipo wauzaji wanapowapiga watu. UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba) huandikwa mAh 10,000, lakini hizo zimehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, siyo volti 12 zinazotoka. mAh 10,000 ni saa-ampea 10; zidisha kwa 3.7: saa-wati 37. Toa kama asilimia 20 inayopotea kwenye kupandisha volti, unabaki na 30. Kiboksi cha faiba na ruta pamoja vikila wati 12, una saa mbili na nusu, siyo siku nzima. Kabla ya kuchomeka soma chini ya ruta: zipo za volti 9 na za volti 12, na pini zinafanana. Kumbuka viboksi ni viwili. Ukiipa ruta umeme ukasahau kile cha faiba, utakuwa na alama ya wifi iliyojaa na intaneti hakuna.

Anayetaka kupiga namba za kawaida kutoka kwenye wifi atafungua akaunti ya SIP (huduma ya kupiga simu za kawaida kupitia intaneti) na kutumia programu kama Linphone au Zoiper. Matatizo yake yana dalili zake. Simu ikikatika sekunde ya 32 kila mara, ujumbe wa kukiri upokeaji haufiki upande wa pili, na mtuhumiwa wa kwanza ni SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP njiani: izime. Anakusikia wewe humsikii? Pakiti za sauti zinazuiwa njiani. Kwenye programu washa STUN au ICE, mbinu za kuipitishia sauti kwenye ruta. Simu haiiti mpaka ufungue programu? Android imeilaza programu hiyo kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiondolee vizuizi. Ukiwa kwenye ruta ya 4G, weka keep-alive (ujumbe mdogo wa kuiweka njia wazi) kila sekunde 25, la sivyo mtandao unasahau njia ya kukufikia. Na mwangwi wa sauti yako mwenyewe ukiusikia, usibadilishe chochote kwako: unatoka kwenye spika ya mwenzako, mwambie avae earphone.

Ndugu walioko Dubai ni habari nyingine. Kule simu za WhatsApp huzuiwa, ujumbe unapita lakini kupiga hakuna, na ndiyo sababu utasikia wakitaja BOTIM, programu ya kupigia simu ambayo ina kibali.

Kitochi usikitoe mbali. Polisi 112 na zimamoto 114 hupigwa kwa laini, siyo kwa WhatsApp. Na wale watakaoendelea kukupigia namba ya kawaida, unaweza kuzihamisha simu zao kwa kubonyeza kwenye kitochi: **62* ikifuatiwa na namba ya kupelekea, kisha #, huhamisha simu pale tu kitochi kisipopatikana, kipande hicho cha safari utakatwa wewe, siyo mpigaji. **21* huhamisha kila simu, na kwa sababu hiyo matapeli huipenda sana, kwa hiyo usiibonyeze kwa maelekezo ya mtu aliyekupigia akijiita huduma kwa wateja. Kufuta yote ni ##002#.